Nchi Tuliyokabidhiwa: Katiba, Maji Yetu, na Wajibu wa Kila Mtu
Hotuba iliyosomwa Itiryo mbele ya waumini na walimu



Katika mwaka wa yubile ni desturi kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watu waliofanya kazi kabla yetu, ambao leo wamelala makaburini. Hesabu hizo ni njema, nazo zimeandikwa vizuri na wengine katika kitabu hiki. Sisi tumeombwa kusema neno jingine, nalo ni neno la nchi yenyewe: udongo tunaolima, chemchemi tunazoteka, miti inayotupa kivuli, na wanyama wa porini walio jirani zetu.

Pengine mtu atauliza, Je, maneno hayo yana nini na yubile? Yana mengi. Zamani, kwa watu wa Musa, yubile ilikuwa kwanza sheria ya nchi. Mwaka wa 50 shamba lilipumzishwa, watu hawakupanda wala hawakuvuna kama siku zote, na aliyepoteza urithi wake alirudishiwa. Maana yake ni wazi. Mtu si mwenye nchi kabisa. Yeye ni mtunzaji tu, na iko siku ataulizwa hesabu ya utunzaji wake. Basi tukishangilia yubile na huku twaiacha nchi ikiwa uchi, tutakuwa tumeshika jina tu na kuliacha jambo lenyewe.

Neno la kwanza: sheria ya nchi si jambo geni kwetu.

Wako watu wadhanio kwamba kulinda miti na maji ni mafundisho yaliyoletwa na wageni, au amri ya wakubwa wa mjini. Sivyo. Wazee wetu Wakuria walikuwa na iritongo, baraza la watu wote, ambamo mambo ya jamii yaliamuliwa hadharani, nao wazee wa inchama waliangalia mema ya ukoo mzima. Koo zetu zilijitambulisha kwa wanyama, kama pundamilia, chui na tembo, na mtu alimheshimu mnyama wa ukoo wake. Hatusemi kwamba watu wa kale hawakukosa. Walikata miti, walichoma majani, walinyang'anyana ng'ombe. Walakini walijua jambo moja ambalo sisi twalisahau upesi: maji na malisho ni mali ya wote, na mali ya wote haiharibiwi na mtu mmoja kwa faida yake mwenyewe huku wengine wakitazama.

Hilo ndilo neno ambalo Katiba yetu imelisema kwa lugha ya sheria. Tusiione Katiba kuwa kitabu cha mawakili na wabunge. Ni iritongo ya nchi nzima, iliyoandikwa.

Neno la pili: Katiba yasema nini?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya mwaka 1977. Mwaka 1984 iliongezwa sehemu ya haki na wajibu wa mtu. Katika sehemu hiyo, ibara ya 14 yampa kila mtu haki ya kuishi, na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Ibara ya 27 yamwekea kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia ya nchi na mali iliyo ya wananchi wote kwa pamoja, na yawataka watu wapige vita uharibifu na ubadhirifu. Tena ibara ya 9 yaiagiza Serikali iuendeleze utajiri wa Taifa, iuhifadhi, na kuutumia kwa manufaa ya wananchi wote.

Walimu, tafadhalini angalieni jambo hili, mpate kuwaeleza watoto. Hakuna ibara katika Katiba hiyo isemayo kwa maneno dhahiri kwamba kila mtu ana haki ya kukaa mahali safi penye maji safi. Jirani zetu wanayo ibara ya namna hiyo. Uganda waliiandika mwaka 1995, katika ibara ya 39. Kenya waliiandika mwaka 2010, katika ibara ya 42. Tena katika ibara ya 69 wakaiagiza Serikali yao ijitahidi kufikisha miti katika sehemu 10 kwa kila 100 za nchi. Kwetu, mwaka 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, nayo iliitaja haki ya mazingira safi na salama. Lakini kura ya wananchi iliyopangwa kupigwa Aprili 2015 iliahirishwa, na maandishi yale hayakupata kuwa Katiba.

Je, hatuna haki hiyo? Tunayo, ila imeandikwa mahali pengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasema kwamba kila mtu akaaye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mara tu baada ya haki hiyo yaweka wajibu: kila mtu ayalinde na kuyatunza. Haki na wajibu ni kama mikono miwili. Adaiye haki asishike wajibu ni kama mtu atakaye kufunga mzigo kwa mkono mmoja, kamba itateleza.

Neno la tatu: watu wa kawaida walivyokwenda mahakamani.

Sheria ikikaa kabatini ni karatasi. Hupata nguvu pale mtu wa kawaida aishikapo. Tutawapa mfano mmoja wa kweli, wa Dar es Salaam.

Katika mtaa wa Tabata, halmashauri ya jiji ilikuwa ikimwaga takataka za mji mzima. Zilichomwa, moshi ukaingia nyumbani mwa watu, na harufu mbaya pamoja na nzi vikawatesa wazee na watoto. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikawapa haki. Lakini halmashauri iliomba kuongezewa muda tena na tena, na takataka ziliendelea kumwagwa. Hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alieleza kwamba kuwanyima watu mazingira safi ni kuwanyima uhai, na uhai ni haki yao kwa ibara ya 14. Tazameni jinsi jaji huyo alivyoisoma Katiba. Haikutaja moshi wala takataka. Ilitaja uhai, naye akaona kwamba uhai hauwezi kutengwa na hewa ambayo mtu huivuta.

Walakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye fundisho kubwa zaidi kwetu. Takataka zilizotolewa Tabata zilipelekwa wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, ambako pia wanakaa watu. Mwaka uo huo wa 1991 wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Kisha takataka zikapelekwa Vingunguti, na huko nako wako watu.

Ndugu zangu, tufikiri sana juu ya habari hii. Mahakama inaweza kuliondoa jambo baya mlangoni pangu. Lakini kama hakuna auulizaye mlango wa jirani, ubaya utahama tu, wala hautakwisha. Mtu apigania usafi wa boma lake, kisha akazitupa takataka zake mtoni usiku, hajapenda usafi hata kidogo. Amependa nafsi yake. Sheria inaweza kumzuia mtu. Kumpenda jirani aliye chini ya mto ni kazi ya moyo, na hapo ndipo kanisa na shule vina kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya.

Yatupasa kusema pia kwamba mlango wa mahakama ulipata kufanywa mwembamba kuliko zamani. Katiba, katika ibara ya 26, yampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuhakikisha kwamba Katiba na sheria za nchi zinahifadhiwa. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya kudai haki za msingi, na mwenye kuleta shauri la namna hiyo akatakiwa aoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa. Kenya, ibara ya 70 haimtaki mtu aoneshe kwamba amepata hasara ndipo ayatetee mazingira. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Mto hauwezi kwenda mahakamani, wala mtoto atakayezaliwa miaka 30 ijayo hawezi. Kama hakuna ruhusa ya kuwasemea, ni nani atakayewasemea? Wenye kutunga sheria na walifikiri neno hili.

Neno la nne: Mto Mara na Mto Tighite.

Sasa turudi nyumbani. Mto Mara hutoka katika misitu ya Mau, nchi ya Kenya, ukasafiri kilomita zipatazo 395 hata Ziwa Victoria. Kwetu unapita nchi ya Tarime na Serengeti, kisha Butiama na Rorya. Wakulima, wafugaji, wavuvi na wanyama wa porini, wote wanakunywa kikombe kimoja. Mtu wa Mau akikata msitu, mvuvi wa Kirumi hupungukiwa. Naye hamjui aliyemdhuru, wala aliyemdhuru hamjui yeye.

Machi 2022 maji ya mto huo, upande wa Daraja la Kirumi, yaligeuka rangi yakawa meusi, na samaki wakafa. Watu waliingiwa na hofu. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilitoa habari kwamba chanzo chake ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakukubali maneno hayo, na mabishano yalikuwa makubwa.

Sisi hatukusimama hapa kuwa waamuzi wa jambo la kitaalamu. Lakini twaona mafundisho mawili. Fundisho la kwanza ni kwa wenye mamlaka: watu wakiambiwa jambo zito juu ya maji wanayokunywa, yafaa waoneshwe wazi jinsi lilivyopimwa, na maswali yao yasikiwe bila dharau. Ukweli usioelezwa vizuri huonekana kama uongo. Fundisho la pili ni kwetu wafugaji. Hata tukikataa kwamba ng'ombe ndio waliolitia mto giza mwaka ule, je, twaweza kukataa kwamba twawashusha kwa mamia hata ukingoni, wakakanyaga matete, wakabomoa udongo, na kuacha samadi yao majini? Sheria ya mwaka 2004 yakataza shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni wangapi wetu walioacha hizo mita 60?

Tena uko Mto Tighite, ambao maji yake huingia Mto Mara. Huko Nyamongo mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia mtoni, na watu wa vijiji wakalia. Kampuni ilisema kwamba wezi walikuwa wameiba karatasi ya plastiki iliyotandikwa ndani ya bwawa. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la tope lenye sumu.

Twazitaja habari hizi kwa kuwa zimetangazwa mbele ya nchi yote, wala si kwa kutia chuki. Sheria yasema kwamba mwenye kuchafua na alipe, na neno hilo ni la haki. Mwenye nguvu aletaye sumu karibu na watu ana wajibu mkubwa kuliko wote wa kuilinda, hata kama mwizi yuko mlangoni. Maana aliyefuga simba hawezi kujitetea akisema, Jirani alifungua zizi. Lakini na mwizi wa plastiki ile, kama ndivyo ilivyokuwa, alikuwa mtoto wa nani? Huenda alikunywa maji yale yale, na mama yake akayateka. Basi wajibu hauwi wa mkubwa peke yake wala wa mdogo peke yake. Ila aliyepewa zaidi atadaiwa zaidi.

Tena faini ikilipwa, fedha huingia hazina. Haiuponyi mto kwa siku moja. Ndiyo maana sheria yaagiza athari zipimwe kabla ya kazi kubwa kuanza, na wananchi wahusishwe. Mkiitwa mkutanoni kutoa maoni juu ya mgodi, barabara au bwawa, nendeni. Msiende kwa ajili ya posho wala soda. Ulizeni, Maji machafu yataelekea wapi? Nani atayapima? Nasi tutaoneshwa vipimo lini? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la tano: wanyama, hifadhi, na haki ya watu.

Sisi tu jirani wa Serengeti, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka humo kila mwaka, na wakati wa kiangazi huja kunywa maji ya Mto Mara. Mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, Julius Nyerere, mtoto wa mkoa huu wa Mara, alitoa Ilani ya Arusha, akiahidi kwamba nchi hii itawatunza wanyama wake kama amana.

Mwaka 2010 palikuwa na shauri la kujenga barabara ya lami kutoka upande wa Mugumu kwenda Loliondo, ikikata hifadhi upande wa kaskazini. Shirika moja la kutetea wanyama lilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo iliamua kwamba barabara ya lami kama ilivyokusudiwa kupita ndani ya hifadhi ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Ilikuwa hukumu kubwa, kwa sababu nchi zetu ziliambiwa kwamba ahadi zao juu ya viumbe si maneno ya kupamba karatasi.

Twaipokea hukumu ile kwa heshima. Lakini na sauti ya watu isinyamazishwe. Mama mwenye uchungu wa kujifungua huihitaji barabara kama vile nyumbu aihitajivyo njia yake. Hukumu haikusema watu wasipate barabara. Ilikataza barabara ile, mahali pale. Kwa hiyo deni la kuwapatia watu njia nyingine lilibaki, na deni hilo na likumbukwe. Kadhalika wazee wetu hawajasahau kwamba mwaka 1965 nchi ya Lamai, kaskazini ya Mto Mara, iliongezwa katika hifadhi, na waliokuwa wakilisha mifugo huko walipoteza malisho. Mpaka ukiwekwa pasipo kusikilizana, kila jiwe lake huwa ugomvi. Mwindaji haramu hawezi kujitetea kwa neno hili. Nyama ya wizi ni ya wizi. Lakini mlinzi naye hawezi kujitetea kwa sheria ya wanyama akimdhulumu mtu, kwa maana Katiba ile ile ilindayo mali asilia ndiyo ilindayo uhai wa binadamu.

Mwisho: tufanye nini?

Tusitoke hapa na maneno matupu. Twapendekeza mambo manne, nayo yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Sheria za nchi zaipa serikali ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na usimamizi wa mazingira umewekwa hata ngazi ya kijiji. Kila kijiji na kiandike sheria ndogo ya chemchemi zake: mahali pa kunywesha ng'ombe, umbali wa kulima, na adhabu ya avunjaye. Ile nguvu ya iritongo haijafa, na itumike.

La pili, miti. Tusipande mikaratusi penye chemchemi, kwani hunywa maji mengi mno. Ipandwe mbali kwa kuni na nguzo. Na penye maji ipandwe miti ya asili, ambayo wazee wanaijua kwa majina. Vijana, waulizeni kabla hawajaondoka.

La tatu, shule. Walimu, wafundisheni watoto ibara ya 14 na ya 27 pamoja, wala msizitenge. Kisha wapelekeni mtoni wapime kwa hatua zao mita 60, waone ni shamba la nani limeingia. Na kama ni shamba la baba wa mtoto, au la mwalimu, au la parokia, basi jambo hilo lianze kurekebishwa hapo hapo.

La nne, ujasiri wa kusema. Ukiona maji yamebadilika rangi, usingoje samaki wafe. Peleka habari kwa ofisi ya kijiji, kisha kwa ofisa mazingira wa halmashauri. Andika tarehe, na uweke nakala. Maneno ya mdomo hupeperuka, barua hubaki.

Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikiri kwamba mazingira safi ni haki ya kila binadamu. Twashukuru. Lakini tamko lililotolewa New York halitapanda mti hata mmoja juu ya milima ya Itiryo, wala halitamzuia mtu wa hapa kuosha chupa ya dawa ya kunyunyizia mashamba katika kijito. Kazi hiyo ni yetu.

Wazee waliotangulia walitukabidhi nchi yenye maji. Yubile nyingine ikifika, wako watakaosimama kuhesabu tena, nao watahesabu chemchemi. Basi tuwaachie za kuhesabiwa.